Mkaguzi wa Kioo cha Mbele

Mtu asiyetaka kitu chochote kikae kwenye kioo cha lori la mwenzake ana lake jambo. Hivyo ndivyo nilivyomhukumu Mkaguzi tangu siku zangu za mwanzo pale yadi, na kwa muda wote niliofanya naye kazi sikuona sababu ya kubadilisha hukumu hiyo. Sisi wengine tulikuwa na majina yetu. Yeye alikuwa Mkaguzi tu. Tajiri mwenye malori alimwita hivyo, mlinzi alimwita hivyo, na mama ntilie wa nje ya geti alipoleta uji wa asubuhi alikuwa anasema, "Hiki kikombe cha Mkaguzi, nyie msikiguse."

Yadi yetu iko Mpanda, upande wa kutokea kwenda Karema. Tunapeleka bandarini mpunga, mahindi na saruji, na kurudi tunapakia chochote kile ambacho ziwa limetoa. Hakuna lori lililovuka geti bila Mkaguzi kulizunguka na kusema neno moja: "Toka." Asipolisema, unazima injini, unashuka, unakwenda kukaa kwenye benchi la mlinzi, na madereva wenzako wanapita wakikupa pole kama mtu aliyefiwa. Mimi nilikuwa mwanamke pekee niliyeshika usukani pale, na benchi lile nililikalia kuliko mtu yeyote. Mtaniambia nisiwe na mashaka?

Matairi aliyagonga, ndiyo. Breki aliziuliza, taa aliziwasha. Lakini hayo aliyafanya harakaharaka kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani ili misa iishe. Akili yake yote ilikuwa kwenye kioo cha mbele. Alikuwa na ndoo yake ndogo, gazeti la zamani na kitambaa ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Alikisugua kioo mpaka unaona kama hakipo. Halafu alianza kuondoa vitu. Dereva mmoja wa kutoka Karema alikuwa ametundika rozari. Mkaguzi aliitoa taratibu, akaibusu, kwa sababu naye alikuwa mtu wa kanisa, kisha akaenda kuitundika kwenye msumari kibandani kwa mlinzi. "Utaikuta ukirudi," akasema. "Kioo ni cha barabara, si cha sebuleni." Mwenzake Mwislamu akacheka sana, na kabla hajamaliza kucheka tasbihi yake ikawa imetundikwa palepale. Zikafuata bendera za mpira. Msumari mmoja ukawa na dini zote mbili na timu zote mbili, na humo ndani hakuna aliyegombana isipokuwa sisi tulio nje.

Rushwa alipokea. Hilo nalisema wazi, kwa sababu ndilo lililonisumbua zaidi. Ukirudi kutoka Karema ukamletea migebuka, alipokea kwa mikono miwili, akakuombea kwa Mungu, akauliza habari za watoto mmoja mmoja. Kesho yake anakuzuia vilevile. Mtu asiyekula rushwa unamwelewa. Mtu anayeila na kukutimizia unamwelewa pia. Huyu anayekula samaki wako na kukuweka benchini, anafanya kazi ya nani? Mimi na Masanja, dereva mwenzangu niliyetoka naye upande mmoja, maana wazee wetu wote wawili walikuja huku na ng'ombe kutoka Usukumani, tulikubaliana kwamba Mkaguzi ni sikio la tajiri. Tukawa tukimwona anakaribia tunabadili maneno, tunaanza kuongelea mvua.

Alikuwa na mengine ya kutiliwa shaka. Hakupanda baiskeli kamwe, wala bodaboda, wala hakukubali kuketi kwenye lori likiwa linatembea, yeye ambaye maisha yake yote yalikuwa malori. Alitembea kwa miguu kutoka kwake mpaka yadi, akifuata ukuta wa godauni, mkono wa kushoto unaugusa ukuta huo njia nzima. Getini alisimama mahali palepale kila siku, nguzo ikiwa kushoto kwake. Ukimsogelea kutoka upande ule na kumsalimia ghafla, alishtuka na kukasirika kama umemtukana. Nilisema moyoni, mtu anayeogopa hivi kuna watu anawadai au wanamdai. Nilikuwa na hakika kabisa.

Kisha tajiri akaleta vile vifaa vya ramani.

Vilikuwa na ukubwa wa simu ya kawaida, vinasimama wima kwenye mkono mfupi wenye mpira wa kunata kwenye kioo. Ndani yake kuna sauti ya mwanamke inayokuelekeza njia, ndiyo maana madereva waliviita Dada. Tulikaa kikao chetu wenyewe chini ya kivuli cha lori la Masanja. Kutoka hapa kwenda Karema barabara ni moja. Unapita Kasekese, unaendelea, vumbi likiisha unaona ziwa. Sasa ramani ya nini? Anayekununulia ramani ya barabara moja hataki ujue ulipo, anataka yeye ndiye ajue. Masanja alimsikiliza Dada safari nzima ya kwanza, akarudi na taarifa kwamba pale penye kona ya kwanza baada ya Kasekese alimwambia akate kushoto, na kushoto hakuna kitu ila pori na nyayo za tembo. "Ama hajui njia," Masanja akasema, "ama anataka tufe."

Mkaguzi naye hakuvipenda, lakini hakuvikataa. Alitangaza kanuni. Kifaa kikae kona ya chini kabisa ya kioo, kulia kwa dereva, karibu na nguzo ya mlango. Kisiwe katikati, kisiwe juu, kisiwe mahali wipa inapofuta.

"Kanuni hiyo imeandikwa wapi, Mzee?" nikamuuliza.

"Kanuni ni kanuni."

"Ni ya serikali au ya kwako?"

"Mama Doto, wewe unataka kuendesha gari au unataka kesi?"

Niliwauliza askari wa barabarani. Mmoja akaniambia mradi kisizuie macho ya dereva. Nikamuuliza, kuzuia macho ni kiasi gani? Akaniambia niendelee na safari. Kwa hiyo kiasi chenyewe alikijua Mkaguzi peke yake, na alikipima kwa namna ambayo sijaiona yadi nyingine yoyote. Alipanda mwenyewe kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, akatulia. Mtu mmoja alisimama hatua kadhaa mbele ya lori na kipande cha chaki, akatembea pole kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Anapopita nyuma ya kifaa, Mkaguzi anapiga kelele, "Umepotea!" Mtembezi anachora mstari chini. Anapoonekana tena, "Umerudi!" Mstari wa pili. Nafasi iliyo kati ya mistari miwili aliiita shimo. Kama mtu mzima anaenea kwenye shimo, lori halitoki mpaka kifaa kihamishwe.

Nakiri kwamba kuna siku shimo lile lilinitisha. Masanja alikuwa amehamisha kifaa chake njiani, akakipandisha mbele ya uso wake ili amsikie Dada vizuri, na kwenye kona za Kasekese nusura aingie katikati ya ng'ombe wa watu na mchungaji wao. Alirudi midomo imekauka. Sote tulingoja Mkaguzi aseme, nilikwambia. Hakusema. Alimpa maji, akapanda, akakirudisha kifaa kwenye kona yake, kisha akachukua ndoo na kusugua vioo vya malori yote, hata yale mabovu yasiyokuwa na safari. Nilimwangalia nikajiuliza huyu ni mtu wa namna gani. Sikupata jibu, na mashaka yakarudi mahali pake.

Shida yangu ilikuwa ufupi. Naendesha nimekalia mto, na ile kona ya chini kulia ndiyo dirisha langu la kuchungulia ukingo wa barabara. Nikiweka kitu pale, siuoni mtaro wa upande wangu. Kwa hiyo nilikibandika kifaa kushoto kwa usukani, juu kidogo ya dashibodi. Mkaguzi akakataa. Nikakirudisha konani, nikafika Karema shingo imepinda kwa kuchungulia, nikakihamisha tena. Akakataa tena. Mara hii tajiri akaniita ofisini, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba lori linalolala yadi halimfai, na likizuiwa tena na Mkaguzi atampa dereva mwingine.

Sikuwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Niliuacha ukondakta wa mabasi ili nijifunze lori, watu wakanicheka, ndugu wa mume wangu wakasema nimekosa adabu. Kiti kile nilikipata kwa tabu na nilikipenda. Nilitoka ofisini nikimchukia Mkaguzi kwa moyo wote.

Nikamwomba Masanja tupime wenyewe, Mkaguzi akiwa amekwenda chooni. Nikapanda, yeye akatembea na chaki. Nilingoja apotee. Hakupotea. Bega moja likijificha, la pili linaonekana. Hakuna mahali alipomezwa mzima. Nikamwambia arudie. Akarudia, hakupotea. Mara ya tatu upepo ukainua vumbi la yadi, likaniingia jicho la kushoto, nikalifunga nalisugua kwa upande wa kanga huku namwangalia kwa hilo jingine. Masanja akatoweka. Mwili wake wote, kofia na viatu, kama amekatwa na kisu. Nikafungua macho yote mawili, akarudi.

Nilikaa pale mkono umeganda kwenye kanga. Nikaiona nguzo ya geti iliyo kushoto kwa Mkaguzi kila siku. Nikauona ule mkono unaofuata ukuta, na baiskeli asiyoipanda. Mkaguzi wa magari yote ya yadi ile alikuwa anaona kwa jicho moja, na shimo alilotupimia lilikuwa shimo la kwake.

Masanja akauliza, "Vipi?"

"Nimepatwa na vumbi," nikamjibu.

Sikumwambia yeye, sikumwambia mtu. Msinisifu. Niliiweka siri ile kama dereva anavyoweka jeki nyuma ya kiti: hukusudii kuitumia leo, lakini unajua ipo na unajua inavyofanya kazi. Shida ni kwamba nilipoteremka kwenye lori Mkaguzi alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, ametuangalia muda ambao sikuujua. Aliona mistari ya chaki chini. Aliniona na kanga kwenye jicho.

Kesho yake nilikuwa nimepakia mahindi ya Karema, kifaa kikiwa palepale alipokataa. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nikafika getini, nikapunguza mwendo. Mkaguzi hakulizunguka lori. Hakuangalia tairi, hakuangalia kioo. Aliangalia pembeni akasema, "Toka."

Mwingine angemshukuru Mungu na kukanyaga mafuta. Mimi nikaingiwa na hofu. Mtu aliyenizuia miezi yote ile, leo ananiachia na kosa langu mbele ya macho yake? Nikaona picha yote. Nikishatoka atampigia tajiri simu: yule mama wako amenipita kwa nguvu, kifaa kakiweka anavyotaka. Au kuna askari ameambiwa anisubiri mbele. Lori anapewa mtu mwingine, na mimi nimejipeleka mwenyewe. Nilikuwa nimeshavuka geti. Nikaweka rivasi, nikarudi ndani na mzigo wote, watu wakikimbia huku na huku, mpaka mbele ya ofisi ya tajiri. Nikazima injini.

"Kagua," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika. "Kagua kama unavyokagua ya wenzangu. Panda, Masanja atembee."

Madereva wakajaa. Tajiri akatoka na miwani mkononi. Mkaguzi alisimama, akaniangalia kwa namna ambayo niliitafsiri kuwa ni hasira ya mtu aliyekamatwa na mtego wake. Akapanda. Masanja akatembea, chaki mkononi, pole kama kawaida. Tukangoja kelele. Hapakuwa na kelele. Masanja alitembea mwanzo mpaka mwisho na Mkaguzi hakutamka lolote. Akashuka, ameshika mlango kwa mikono yote miwili.

"Hajapotea," akasema. "Limepita."

Nilitoka nimejaa ushindi. Njia nzima niliimba, na Dada aliponiambia nikate kushoto porini nilimjibu kwa Kisukuma.

Niliporudi kutoka Karema, Mkaguzi hakuwepo. Tajiri alisema ameacha kazi, basi. Yadi ikafanya yale ambayo yadi hufanya. Kuna aliyesema ni dizeli, kuna aliyesema ni vipuri, na mimi nilinyamaza kwa namna ya kuonyesha kwamba najua zaidi. Akaajiriwa kijana mwenye fulana ya njano aliyekagua lori kwa kulipiga picha. Kiti changu kikabaki changu.

Mwaka huu nilitumwa Kapalamsenga kuchukua dagaa. Wapakizi walichelewa, nikaenda kutafuta kivuli, na kwenye ua wa nyumba moja nikamwona amekaa kwenye kigoda, fimbo mkononi, analinda dagaa waliotandazwa juu ya wavu. Kuku walikuwa wameshamjua. Walikuja kutoka kushoto kwake, wanadonoa raha mustarehe, naye anapunga fimbo upande wa kulia ambako hakukuwa na kuku hata mmoja. Niliumia kuona vile. Nikawafukuza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani?" Akageuza kichwa chote. "Aa, Mama Doto. Umekuja kunicheka."

"Nimekuja kupakia dagaa."

"Wote husema hivyo." Lakini akamwita dada yake, mwenye nyumba ile, aniletee kigoda na maji.

Tuliongea habari za Mpanda. Aliuliza watoto wangu mmoja mmoja, kwa majina. Hatimaye nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, ulikwendaje vile bila kuaga?"

"Tajiri hakuwaambia?"

"Hakutuambia kitu."

"Basi ana adabu kuliko nilivyomdhania." Akafuta uso. "Nilimwambia mwenyewe. Asubuhi ya pili yake, mapema, kabla hujarudi. Nikamwambia jicho la kushoto lilikufa kabla hajaniajiri, nilimficha. Nikamwambia na lile gari la yule mama nililizuia bure, nilikuwa napima kwa jicho langu. Akaniambia nenda nyumbani, Mzee. Hakunifokea."

"Kwa nini ulimwambia?"

"We unaniuliza mimi?" Fimbo ikagonga chini. "Ulikaa juu ya gari umefunga jicho, nikakuona. Nikajua umejua. Nikasema, huyu nimpe njia, tuyamalize kimyakimya. Nikakupa njia. Ukairudisha! Ukarudi na tani zote zile mpaka mlangoni kwa tajiri, mbele ya watu, unasema kagua. Nikasema, huyu mama hataki njia, anataka kunimaliza. Leo ameanza, kesho atasema lote. Bora niseme mimi, nitoke kama mtu."

Nikamweleza. Nikamwambia nilirudi kwa sababu nilimwogopa, nilidhani ameniwekea mtego, nilidhani nikitoka tu anampigia tajiri simu. Alinisikiliza mdomo wazi, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka dada yake akachungulia, mpaka machozi yakamtoka, na lile jicho lisiloona lilitoa machozi sawasawa na mwenzake.

"Kwa hiyo ungekwenda zako tu," akasema, "na mimi ningekuwa kazini kwangu mpaka leo."

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe."

"Na mimi nisingekudhania, nisingesema." Akaacha kucheka. Kuku walikuwa wamerudi kushoto, na hakuna kati yetu aliyewafukuza. "Haya. Niambie kitu kimoja, Mama Doto. Ningenyamaza, nikabaki pale getini. Halafu siku nyingine nikakuzuia tena. Ungemwambia tajiri?"

"Nisingesema," nikajibu upesi.

Aligeuza kichwa chote na kuniangalia kwa jicho lile moja.

"Siamini," akasema.

Nilitaka kuapa. Nilifungua mdomo kabisa niape, kwa watoto wangu, kwa Mungu, kisha nikaufunga, kwa sababu hata mimi sikujiamini.